Wanaojua Kukishika Kigari

Mkusanyaji aliyeiva akipewa kigari cha zamani, hakitazami usoni kwanza. Hukipindua. Chini ndiko kuliko na habari zake: jina la kiwanda, nchi, mwaka, na zile ribiti ndogo zinazoshikanisha bodi na bamba la chini. Rangi inaweza kupakwa upya, magurudumu yanaweza kung'olewa kwenye kigari kingine, na boksi linaweza kuwa limechapwa juzi kwa kompyuta. Ribiti ya kiwandani ni vigumu kuighushi. Kichwa chake kimetandazwa na mashine, kimelala laini juu ya bamba. Ribiti iliyowahi kutobolewa kwa drili haifichi historia yake: utaona ukingo mkali, tone la gundi lililokauka, au skrubu mahali ambapo kiwanda hakikuweka skrubu.

Ufundi huu nimeufahamu hapa Fort Worth, Texas, mji unaojulikana kwa ng'ombe na viwanda vya ndege. Kila mwisho wa wiki watu hufurika kwenye magulio ya vitu vya zamani. Kubwa kati ya hayo ni Traders Village, lililopo Grand Prairie, katikati ya Dallas na Fort Worth, ambalo limekuwapo tangu 1973. Katikati ya meza za zana za mitumba, buti za ngozi, santuri na sahani za maua, hukosi kuona meza ya vigari. Vingine vimepangwa kimoja kimoja ndani ya kabati la kioo, bei imeandikwa. Vingine vimerundikwa kwenye ndoo, chagua mwenyewe. Kwenye kabati muuzaji amekwisha kukufanyia kazi ya kuchambua, na ndiyo maana unalipa zaidi. Kwenye ndoo utategemea macho yako.

Nimemtazama mzee mmoja muuzaji akichambua ndoo ya namna hiyo. Hakifuti kigari kwa kidole, maana mchanga uliokaa juu ya rangi hukwaruza. Hupuliza kwanza, kisha hupitisha brashi laini ya kupakia rangi za maji. Hukiweka juu ya kipande cha kioo, akakisukuma kidogo na kuinama hadi jicho liwe usawa wa meza. Gurudumu likiyumba, ekseli imepinda. Kigari kikivutwa upande mmoja, gurudumu moja si lake. Baada ya hapo ndipo hutoa kioo cha kukuzia na kusoma chini. Na hapo kuna jambo ambalo wanunuzi wageni hulikosea kila siku: mwaka ulioandikwa kwenye bamba si lazima uwe mwaka kigari kilipotengenezwa. Mara nyingi ni mwaka wa haki za ubunifu wa kalibu, na kalibu moja inaweza kutumika kwa miaka mingi baadaye. Umri wenyewe hupatikana kwa kusoma vitu kadhaa kwa pamoja: aina ya gurudumu, rangi, nchi iliyoandikwa, na rangi ya plastiki ya viti vya ndani.

Ili kumwelewa mtu anayejisumbua kiasi hicho, inabidi ujue kigari kinavyozaliwa. Vigari vingi vya zamani vya chuma vimeundwa kwa aloi ya zinki iitwayo zamak: zinki iliyochanganywa na asilimia 4 hivi ya aluminiamu na chembe za metali nyingine. Zinki ni madini yaleyale ambayo watu wa Katanga, huko Kongo, wanayajua kutoka mgodi wa Kipushi, karibu na Lubumbashi. Aloi hii huyeyuka kwenye joto la chini ya nyuzi 420, kwa hiyo inaweza kusukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya feleji mara maelfu kwa maelfu bila kalibu kuharibika. Kazi kubwa imo kwenye kalibu. Mchongaji alianza na kielelezo cha mbao kikubwa kuliko kigari chenyewe, kisha mashine ya kunakili ikafuata mikunjo yake na kuichonga kwenye feleji kwa udogo unaotakiwa. Wabunifu waligundua pia kwamba gari halisi likipunguzwa kwa vipimo kamili huonekana kama limekonda. Ndiyo maana walishusha paa kidogo, wakanenepesha magurudumu, wakatia chumvi kwenye mikunjo ya bodi, mpaka jicho likubali.

Tuanze na Uingereza. Mwaka 1947 Leslie Smith na Rodney Smith, marafiki wasiokuwa na undugu, walianzisha kampuni ya Lesney jijini London. Fundi wao Jack Odell alimtengenezea binti yake gari dogo la kushindilia barabara, kwa sababu shuleni kwao watoto waliruhusiwa kwenda na kichezeo kinachoenea kwenye kiberiti tu. Hapo ndipo lilipotoka jina Matchbox. Mwaka 1953, Malkia Elizabeth II alipotawazwa, Lesney ilitengeneza mfano mdogo wa gari lake la farasi, na zaidi ya milioni moja zikauzwa.

Kutawazwa huko huko kulizaa jambo lingine kwetu. Mwaka huohuo wa 1953 madereva wa Kenya, Uganda na Tanganyika walianza mashindano ya magari yaliyoitwa Coronation Safari. Mwaka 1960 yakabadilishwa jina na kuwa East African Safari, na hadi leo wazee wa Nairobi, Kampala na Arusha hukumbuka sikukuu ya Pasaka kwa vumbi na matope ya magari yale. Volkswagen, ile ya mgongo wa kobe, ilishinda mwaka wa kwanza ikaja kushinda tena 1962. Mwaka 1965 Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda wakiwa na Volvo.

Nalileta jambo hili kwa sababu ya kigari kimoja ambacho kila Mwafrika Mashariki anayepita kwenye magulio ya Texas angefaa kukijua. Mwaka 1965 kampuni ya Corgi, yenye kiwanda chake Swansea huko Wales, ilitoa Volkswagen 1200 iliyovishwa mavazi ya East African Safari. Rangi yake ni nyekundu inayoelekea chungwa. Juu ya paa kuna gurudumu la akiba, na gurudumu hilo si pambo: ukilizungusha, magurudumu ya mbele hukata kona. Ndani ya boksi kigari kiliambatana na kifaru wa plastiki, kana kwamba dereva amekutana naye njiani.

Itazame kazi iliyomo humo. Mtengenezaji alitaka mtoto aweze kuliongoza gari lake, lakini hakutaka kuweka waya wala kitasa cha kuliharibu umbo. Akatafuta kitu ambacho gari la Safari linacho kweli, akakipa kazi ya pili. Gurudumu la akiba likawa usukani. Mkusanyaji akishika kigari hiki, hujaribu usukani huo kwanza, taratibu, kwa ncha ya kidole, akisikiliza kama kuna kukwama ndani. Kisha huuliza: kifaru yuko wapi? Maana vifaru wengi walipotea zamani kwenye mchanga wa bustani, na kigari kilichobaki na kifaru wake na boksi lake kina thamani mbali kabisa na kilichobaki peke yake.

Corgi yenyewe ilikuwa chapa ya kampuni ya Mettoy, na Mettoy ilianzishwa 1933 mjini Northampton na Philip Ullmann, aliyekuwa na kiwanda cha vichezeo Nuremberg kabla ya kukimbia Ujerumani ya Wanazi. Baadaye alijiunga naye Arthur Katz, aliyewahi kufanya naye kazi kulekule Nuremberg. Kwa hiyo gari la barabara zetu lilitoka kwenye nyumba iliyojengwa na mkimbizi aliyebeba ujuzi wake, maana ujuzi ni mzigo usiokaguliwa mpakani.

Marekani ilijibu 1968. Kampuni ya Mattel, chini ya Elliot Handler, ilitoa Hot Wheels: vigari 16 vya kwanza, kazi kubwa ya ubunifu ikiwa ya Harry Bentley Bradley aliyetoka General Motors. Upande wa uhandisi alikuwapo Jack Ryan, aliyewahi kufanya kazi za makombora. Ekseli zilikuwa nyembamba kama waya, zenye kunesa, na magurudumu yaliteleza kwa namna ambayo vigari vya awali havikuweza. Hadi 1977 magurudumu hayo yalikuwa na mstari mwekundu, na ndiyo maana kigari cha mstari mwekundu hutafutwa kuliko vilivyofuata. Rangi yake ilikuwa elimu nyingine. Bodi ilisuguliwa mpaka ikang'aa, kisha ikapakwa rangi inayopitisha mwanga, ili mng'ao wa chuma uonekane kutoka chini. Ukikiinamisha kigari cha 1968 kwenye jua la Texas, bluu yake ina kina kama maji ya Bahari ya Hindi saa nne asubuhi. Rangi iliyopakwa upya nyumbani huwa juu tu, haina kina hicho.

Midoli ya mashujaa ina wataalamu wake pia, na macho yao si haba. Mwaka 1964 Hasbro ilitoa G.I. Joe, mwanajeshi wa inchi 12 hivi mwenye viungo vingi vinavyokunjika. Kwenye mkono wake wa kulia ukucha wa kidole gumba uliwekwa upande usio wake. Kampuni iliuacha hivyo, ikautumia kama alama ya kumnasa mwizi: anayeiga bila ruhusa angeiga na kosa. Hadi leo mkono huo ndio unaoshikwa kwanza. Mwaka 1978 Kenner ilileta midoli midogo ya Star Wars. Mmoja wao, Jawa, alitoka mwanzoni akiwa na joho la plastiki laini, lakini upesi kampuni ikaona halina hadhi kwa kidoli kidogo namna ile, ikambadilishia likawa la kitambaa. Waliobaki na joho la plastiki ni wachache, na walaghai hukata joho la kidoli kingine, Ben Kenobi, wakamvisha. Mjuzi hutazama mkato wa ukingo, unene wa plastiki na nafasi za mikono. Silaha ndogo za midoli hii huwekwa kwenye bakuli la maji: nyingi za asili huelea, nyingi za kuiga huzama. Jaribio hilo pekee halitoshi kutoa hukumu, na mwenye hekima hulitumia pamoja na kioo cha kukuzia.

Fort Worth ina mchango wake wa nyumbani pia. Charles Tandy, mfanyabiashara wa mji huu ambaye familia yake ilianza na biashara ya ngozi, aliinunua RadioShack 1963, na kwa miongo mingi makao makuu ya maduka hayo yakawa hapa; kampuni ilifilisika 2015. Pamoja na redio na nyaya, maduka yale yaliuza magari ya kuchezea yanayoongozwa kwa rimoti. Mengi yamehifadhiwa kwenye mabanda ya magari ya nyumba za hapa, yakiwa na betri zilizosahauliwa ndani. Betri ya alkalini ikivuja huacha unga mweupe unaokula vibati vya umeme. Fundi mvumilivu hauparui kwa kisu. Huchovya pamba kwenye siki, akagusa kidogo kidogo mpaka unga ulainike, akafuta, akakausha, kisha akasugua kibati kwa kifutio cha penseli. Gari lililonyamaza tangu mwenyewe akiwa mtoto huweza kunguruma tena kwa kazi ya nusu saa.

Lakini sehemu ngumu ya ufundi huu ni kujua pa kuacha. Anayeanza hutamani kila kitu king'ae. Hutoboa ribiti, huchovya bodi kwenye dawa ya kuondoa rangi, hupaka rangi mpya, na akimaliza ana kigari kizuri ambacho hakina tena ushahidi wowote. Aliyeiva huosha kwa maji ya vuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, hukausha ekseli vizuri ili zisipate kutu, na huishia hapo. Mkwaruzo uliotokana na saruji ya uani kwa mtu fulani mwaka 1970 ni sehemu ya kigari. Yapo pia maradhi yasiyotibika. Zinki iliyochanganyika na risasi kiwandani, kama ilivyotokea kwa vigari vingi vya Dinky vya kabla ya Vita Kuu ya Pili, huoza kutoka ndani: hupasuka, huvimba, mwisho humeguka. Unyevu na joto huharakisha. Kwa sababu hiyo, hapa Texas ambako dari ya nyumba huwa tanuri wakati wa kiangazi, wajuzi hawaweki kitu darini. Huweka chumbani kwenye ubaridi, mbali na dirisha, pamoja na vile vipakiti vinavyonyonya unyevu.

Usione vyaelea, vimeundwa. Methali hii ya watu wa pwani ndiyo roho ya kazi yote niliyoieleza. Na ndiyo inayonifanya nigeuze macho kutoka kwenye kabati la kioo na kutazama upande wetu.

Fort Worth ni mji ambao Kiswahili husikika madukani, makanisani na kwenye mabasi ya shule. Familia nyingi zilitoka Kivu, mashariki mwa Kongo, zikapitia kambi ya Nyarugusu huko Kasulu, Kigoma, kambi iliyofunguliwa 1996, ndipo zikafika hapa. Wanaume wa familia hizo walipokuwa wavulana walikuwa waunda magari. Mmoja wao, rafiki yangu mzaliwa wa Uvira, alimwundia mwanawe gari la waya hapahapa, kwa kutumia henga za nguo na makopo, nami nilikaa pembeni nikatazama.

Alianza kwa kuunyoosha waya, akiuvuta mbele na nyuma kwenye ukingo wa ngazi ya saruji mpaka mikunjo yote ikaisha. Akapima urefu kwa shubiri. Fremu ya chini aliikunja kwa waya mmoja usiokatwa, pembe nne, ncha zikakutana nyuma ambako hazitaonekana. Boneti, kioo cha mbele na paa vikafuata kwa waya mwingine, naye hakuwa na picha wala mchoro. Ilikuwa Land Cruiser, na niliijua ni Land Cruiser kabla hajafika mlangoni, kwa jinsi boneti ilivyokaa pana na kioo kilivyosimama wima. Viungo alivifunga kwa vipande vyembamba vya mpira wa baiskeli. Magurudumu aliyakata kwenye soli ya ndala kuukuu. Ekseli ya mbele aliipinda katikati ikafanya kitanzi, akapitisha humo waya mrefu uliopanda hadi usawa wa kiuno cha mtoto, na juu akaukunja duara: usukani.

Nilipomuuliza mbona anawaza sana kabla ya kila pindo, alinijibu bila kuinua kichwa: "Kaka, waya ukiupinda na kuunyoosha na kuupinda tena palepale, unakatika. Pinda mara moja, lakini ujue unapinda nini."

Hiyo ni sheria ya metali ambayo mhandisi yeyote wa Mattel angeikubali. Na tatizo la kuongoza magurudumu ya mbele, ambalo Corgi walilitatua kwa gurudumu la akiba juu ya paa, mtoto wa Uvira, wa Kisumu au wa Tandale amelitatua kwa kitanzi kimoja cha waya. Kupunguza gari bila kupoteza sura yake, kile kilichowakesha wachongaji wa kalibu, yeye hukifanya kwa kumbukumbu ya macho. Sisemi hili ili kushindanisha kiwanda na uani. Nasema kwamba jicho lililofunzwa kwenye ribiti na ekseli za Texas, likiletwa mbele ya gari la waya, litaona ufundi wa daraja lilelile, na litashangaa kwa nini gari hilo halina kabati.

Halina kwa sababu sisi wenyewe tulilihesabu kuwa ni mchezo wa shida, kitu cha mtoto ambaye wazazi hawakuwa na fedha za duka. Likichakaa likatupwa jalalani pamoja na ndala. Mashindano ya Safari yana picha, vikombe na vitabu. Magari ya waya yaliyoundwa na watoto waliosimama kando ya barabara zile, wakiiga kila Datsun na kila Peugeot iliyopita, yamebaki machache mno.

Kwa hiyo neno langu kwa msomaji ni hili. Kama kuna mtoto kwenu anayeunda magari ya waya, ya mbao au ya makopo, mwombe moja na ulilipie bei ya fundi. Usilipake rangi, usilinyooshe, usibadilishe gurudumu lililochakaa. Liweke mahali pakavu, mbali na jua. Chini yake, palepale ambapo mkusanyaji atatazama kwanza, funga kipande cha karatasi chenye jina la aliyeliunda, mahali na mwaka. Na kama uliwahi kuunda wewe mwenyewe, keti uunde tena moja, uandike jina lako. Kazi hiyo ifanyike sasa, wakati waundaji wangali hai na mikono yao ingali inakumbuka.